Gari liliwaka vizuri zaidi baada ya kuwekewa paipu mpya za maji

Gari ni Land Rover Series III ya mwaka 1976, ile ndefu, yenye inchi 109 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, injini ya petroli ya cc 2,286. Mwenyewe ni mwalimu mstaafu anayeishi Area C hapa Dodoma, kwao Kondoa. Alilinunua likiwa limeegeshwa muda mrefu na akalifufua kidogo kidogo: chesisi ilitolewa kutu yote ikapigwa rangi nyeusi nzito, bodi ikanyooshwa, giaboksi ikafunguliwa, waya nyingi zikabadilishwa. Anayelitazama leo hawezi kuamini lilikotoka.

Kwangu hakulileta kwa sababu ya maji. Mimi ni fundi umeme. Alilileta kwa sababu betri ilikuwa haijai sawasawa ingawa jenereta ilikuwa imeshapimwa na kuonekana nzima. Suala la maji lilikuwa mikononi mwa fundi mwingine, kule Kizota, na kila mmoja wetu alikuwa na ugonjwa wake wa kutibu. Nakiandika kisa hiki kwa sababu ugonjwa ulikuwa mmoja, na ulikuwa umejificha ndani ya kitu ambacho siku hizi vijana wengi wenye magari ya zamani wanakitamani: paipu za maji zilizofunikwa msuko wa waya wa stenlesi, na fitingi zake za rangi ya bluu na nyekundu.

Nianze na paipu zenyewe, maana nimeona watu wakizinunua bila kujua wananunua nini. Sokoni kuna vitu viwili vinavyofanana kwa macho. Cha kwanza ni soksi ya waya tu. Unaivalisha juu ya mpira ule ule wa rejeta, kisha unafunika klempu kwa kofia ya alumini ili ionekane kama fitingi. Hiyo ni pambo. Cha pili ni paipu halisi: ndani mpira, nje msuko wa waya ulioshikana na mpira huo, na mwishoni fitingi ya kufunga kwa nati, yenye mdomo wa koni wa digrii 37. Mfumo huo unaitwa AN, kifupi cha jeshi la nchi kavu na jeshi la majini la Marekani, walioufanya kuwa kipimo chao cha pamoja enzi za ndege za Vita Kuu ya Pili. Namba zake zinahesabu sehemu za kumi na sita za inchi: namba 6 ni 3/8, namba 8 ni nusu inchi, namba 10 ni 5/8. Hapo pana mtego mdogo. Namba inatokana na kipenyo cha nje cha bomba la chuma ambalo fitingi ilitengenezewa, si nafasi ya ndani ya paipu. Paipu ya msuko namba 10 ina nafasi ya ndani ya milimita 14 hivi, wala si 16. Ukiwa unabadilisha mpira wa rejeta wenyewe, tofauti ya namna hiyo inakunyima maji mengi ya kupoza.

Mwalimu alikuwa na vyote viwili. Mipira miwili mikubwa ya rejeta ilivalishwa soksi. Mipira miwili midogo ya hita, ule wa kwenda na ule wa kurudi, iliondolewa kabisa, na mahali pake zikafungwa paipu halisi namba 10. Zilitoka ng'ambo kupitia Dar es Salaam, na adapta chache zilizokosekana zilipatikana kwenye duka la vifaa vya haidroliki vya magreda na matrekta.

Najua msomaji wa pwani atacheka akisikia hita. Hapa Dodoma, Juni na Julai, upepo wa asubuhi haucheki na mtu. Lakini hata kama huitumii, maji yanapita humo. Mafundi wengi huichomoa na kuunganisha mpira wa kwenda na wa kurudi pamoja, na Land Rover nyingi ninazoziona ziko hivyo. Hii ilikuwa nzima, na Mwalimu alijivunia hilo.

Ili fitingi zipate pa kushika vizuri, fundi aliyezifunga paipu hizo alitengeneza kibati cha chuma, akakifunga kwa bolti nne kwenye ukuta wa injini, ule ukuta wa chuma unaotenganisha injini na dereva. Kwenye kibati akapitisha fitingi mbili za kupenya ukuta. Upande wa injini paipu za msuko, upande wa hita vipande vifupi vya mpira. Kazi safi, na kwa mtu wa maji isiyo na dosari. Kumbuka tu kwamba kuanzia siku hiyo palikuwa na njia mbili za chuma kitupu, kutoka kwenye injini hadi kwenye bodi: fitingi, msuko, fitingi, kibati, ukuta.

Gari likaanza kupoteza maji. Si mengi. Tone liliangukia sehemu moja, chini ya paipu ya kwenda, pale inapopinda kabla ya kupanda ukutani. Fundi wa Kizota akaona ni lazima paipu imetoboka kwenye mkunjo, lakini msuko haukuwa na jeraha lolote. Akakaza nati zote. Tone likaendelea. Hapo akaingiwa na wasiwasi mzuri kabisa, ambao ningependa kila fundi awe nao: huenda adapta ya duka la haidroliki si ya jamii hii. Duka kama hilo linauza fitingi za haidroliki za aina ya JIC, ambayo ina koni ya digrii 37 na nyuzi sawa na za AN, lakini pia linauza aina ya BSP, ya Kiingereza, ambayo koni yake ni nyingine na nyuzi zake ni nyingine. Balaa liko kwenye saizi hii hii. Fitingi namba 10 ina nyuzi za inchi 7/8, nyuzi 14 kwa inchi, kipenyo cha nje milimita 22.2. BSP ya 5/8 nayo ina nyuzi 14 kwa inchi, kipenyo milimita 22.9. Nati ya hiyo BSP inapanda juu ya AN namba 10 kwa ulegevu kidogo tu, inazunguka, inafika mwisho, na mtu anaweza kuapa kwamba imekaa. Koni hazikutani. Akapima kwa kalipa, akapata 22.1 pande zote mbili. Adapta zilikuwa sahihi.

Basi akabaki na jibu moja, paipu mbovu kutoka kiwandani, na Mwalimu akaambiwa aongeze maji kila asubuhi mpaka nyingine ifike.

Aliongeza, na aliongeza ya bomba na ya kisima, kama wengi wetu. Maji ya visima vingi vya Dodoma yana chumvi. Kila mwenye birika la chai hapa mjini anaujua ukoko wake. Na tuko juu. Mji uko kwenye mita 1,100 na ushee kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo maji ya sufuria yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100. Kifuniko cha rejeta ya gari hili kimeandikwa 9, yaani kinashikilia mgandamizo wa psi 9 (paundi 9 kwa inchi ya mraba) juu ya ule wa hewa, na hilo linasogeza kiwango cha kuchemka hadi kama nyuzi 111. Mgandamizo ukipotea kwa sababu ya uvujaji, nyuzi zote 15 unazipoteza, unabaki na 96, huku thamostati, mlango unaoruhusu maji kwenda kwenye rejeta, inafunguka kwenye 82. Tundu dogo ambalo Dar es Salaam lingekupa usumbufu, hapa linakupa gari lililochemsha.

Ndivyo ilivyokuwa njia ya Kondoa. Karibu na Haneti mshale wa joto ulipanda, kisha ukaanza kushuka, na Mwalimu akashukuru Mungu akaendelea. Mshale ulishuka kwa sababu sensa ilikuwa imebaki hewani. Sensa hiyo inapima joto la maji yanayoigusa. Maji yakitoka inapima mvuke na hewa, na inaweza kukuonyesha hali njema wakati hedi inaungua. Bahati nzuri alisikia injini inagonga akasimama mapema. Hedi haikupinda. Wenye Series wanajua chuma cha injini hizi kina uvumilivu mkubwa.

Siku aliyofika kwangu nilimwamkia, akaitikia, akaanza na betri. Nilifungua boneti na kwanza nikavutiwa na kazi ya paipu, nikamsifia. Akafurahi sana.

"Tena mwanangu, tangu niweke hizi, gari linawaka vizuri ajabu. Zamani asubuhi stata ilikuwa inagugumia, unaweza kudhani betri imekufa. Sasa hivi ukigusa tu."

Sentensi hiyo ndiyo kisa kizima. Paipu ya maji haina kazi yoyote katika kuzungusha stata. Haina. Kama gari limebadilishiwa paipu za maji na stata ikapata nguvu, basi paipu hizo zinapitisha kitu kingine zaidi ya maji. Namlaumu fundi mwenzangu? Hapana, kwa sababu hakuna mtu aliyemwambia. Mteja hapeleki habari njema kwa fundi, anapeleka malalamiko. Na kwa fundi wa maji, habari hiyo ingekuwa ni sifa tu.

Nikamuuliza: "Waya wa choki uliwahi kukusumbua, Mwalimu?"

Akashangaa nimejuaje. Uliwahi kukwama, plastiki ya nje ikiwa imeyeyuka, akaambiwa ni joto la ekzosi. Akabadilisha. Wa pili nao ulianza kuwa mgumu, kisha akaweka paipu hizi, na tangu hapo choki haijasumbua tena.

Kwa asiye fundi umeme nieleze kidogo. Umeme wa stata unatoka kwenye chanya ya betri kwa waya mnene, unapita ndani ya stata, unaingia kwenye mwili wa injini, na ni lazima urudi kwenye hasi ya betri. Kwenye gari hili hasi ya betri imefungwa kwenye chesisi. Lakini injini na giaboksi zimekalia raba, na raba haipitishi umeme huo. Daraja kati ya injini na chesisi ni mkanda mmoja wa ethi. Mkanda ukifa, stata haisemi "sina njia". Umeme unatafuta chuma chochote kinachogusa injini kwa upande mmoja na bodi kwa upande mwingine: waya wa choki, kebo ya spidi, fimbo za mafuta. Ampia zaidi ya mia kupitia waya wa choki, ambao ulitengenezwa kuvuta kibao kidogo cha kabureta. Lazima uyeyuke. Mwalimu alipofunga paipu mbili za msuko, umeme ukapata barabara pana zaidi. Choki ikapona, stata ikapona, na paipu zikaanza kuugua.

Hiyo ilikuwa dhana, na dhana ya namna hii inapendeza kiasi kwamba ni rahisi kuiamini kabla ya kuipima. Nikachomoa waya mwembamba wa koili injini isiwake, nikaweka mita kwenye volti, mguu mmoja kwenye nguzo ya hasi ya betri, mwingine kwenye chuma kitupu cha injini, nikamwomba kijana wangu azungushe stata kwa sekunde chache. Mita ikasoma volti 1.8. Kwa njia iliyo nzima unatarajia 0.2, na ikifika 0.5 unaanza kutafuta. Nikahamisha mguu wa injini hadi kwenye chesisi: 0.1. Kwa hiyo kutoka betri hadi chesisi ni salama, tatizo liko kati ya chesisi na injini.

Nikaingia chini. Mkanda ulikuwepo, tena mpya, unang'aa, umefungwa kwa bolti mpya. Fundi umeme aliyetangulia alikuwa ameupima kwa mlio wa mita, na mita ikalia, akaandika kwamba ethi ni nzima. Hapa nina ugomvi. Mlio wa mita unatumia mkondo mdogo mno. Uzi mmoja wa bolti ukigusa chuma, mita inalia, na uzi huo huo hauwezi kubeba ampia mia na hamsini. Ethi inapimwa ikiwa na mzigo: zungusha stata, soma volti zinazopotea. Nikapima hivyo sehemu kwa sehemu. Giaboksi hadi kichwa cha mkanda: hakuna upungufu. Kichwa cha mkanda cha upande wa chesisi hadi chuma cha chesisi: karibu volti zote 1.8 zilikuwa hapo, katika nafasi unayoweza kuifunika kwa kidole gumba.

Nikafungua bolti. Chini ya kichwa cha mkanda kulikuwa na ile rangi nyeusi nzito, nzuri, bila mkwaruzo. Aliyefufua chesisi alipaka kila kona, na aliyerudisha mkanda hakukwangua. Magari ya zamani yaliyofanyiwa ukarabati mkubwa nayaogopa kwa ethi kuliko yale yaliyochakaa, kwa sababu kila kiungo kimepakwa rangi.

Kabla ya kukwangua nilitaka kuona ukweli wa upande wa pili. Tukamwaga maji, tukachomoa paipu zote mbili za msuko, tukarudisha mkanda kwenye rangi yake, tukazungusha. Stata ikagugumia kama Mwalimu alivyosimulia. Upungufu ukapanda kupita volti 3. Kijana alishika waya wa choki akauachia haraka. Kisha nikachukua kebo ya kuazimia betri, nikaunganisha hasi ya betri moja kwa moja na injini. Stata ikazunguka kwa nguvu ambayo Mwalimu hakuwahi kuisikia kwenye gari lake, mita ikasoma 0.15. Akanyamaza, kisha akasema, "Kwa hiyo hata ile nzuri haikuwa nzuri." Na betri isiyojaa? Jenereta nayo imefungwa kwenye injini na inarudisha umeme wake kwa njia hiyo hiyo. Ilikuwa inachaji kupitia paipu za maji.

Sasa tone. Nilitaka kujua ni kwa namna gani hasa umeme ulisababisha uvujaji, kwa hiyo tuliipasua paipu ya kwenda. Msuko haukatwi kwa msumeno wa kawaida, utafumuka uwe ufagio. Unazungusha utepe imara mahali pa kukata, unapitisha grainda yenye diski nyembamba katikati ya utepe, kisha unapuliza ndani vizuri kwa kompresa, kwa kuwa vipande vya waya na unga wa mpira vikibaki vinakwenda kukaa kwenye rejeta.

Fitingi ya upande wa injini, iliyo karibu na hedi, ambako maji ni ya moto kuliko sehemu nyingine yote ya paipu hiyo, ilikuwa nzima. Mpira ulikuwa laini, umeshika. Fitingi ya upande wa ukuta ndiyo ilikuwa imeharibika. Rangi ya bluu ilikuwa imegeuka kahawia kuzunguka nati. Kwenye koni kulikuwa na vidoa vyeusi vilivyochimbika kama ncha za sindano. Na ndani ya soketi, mahali msuko unapobanwa, mpira ulikuwa mgumu na umepasuka pasuka, umeacha kuibana chuchu ya fitingi.

Sababu ni hiyo rangi. Alumini ya fitingi hizi imetiwa rangi kwa njia ya umeme, na tabaka linalotengenezwa ni oksidi ya alumini, ambayo haipitishi umeme. Upande wa injini adapta ilikuwa ya chuma tupu ya haidroliki na ilikazwa na kulegezwa sana, rangi ikasuguka, chuma kikakutana na chuma. Upande wa ukuta rangi ilibaki karibu yote, umeme ukapita kwenye vipenyo vichache vilivyokwaruzika, na pale njia inapobanwa ndipo joto linapozaliwa. Stenlesi yenyewe si mpitishaji mzuri. Ukinzani wake ni kama mara 40 ya ule wa shaba. Kwa hiyo kila asubuhi, kwa sekunde chache za stata, soketi ile ilikuwa inaokwa.

Kuna atakayesema ni joto la maji tu, au ni paipu ya mafuta iliyotumika kwenye maji. Hili la pili lina ukweli wake, na nitalirudia. Lakini joto la maji lingeanza kuharibu upande wa hedi, si upande wa ukuta. Na joto la maji halichimbi vidoa kwenye koni.

Kwa nini tone liliangukia kwenye mkunjo badala ya kwenye soketi? Hiki ndicho kitu kinachonikera zaidi katika paipu hizi. Maji yalitoka chini ya soketi, yakaingia kati ya mpira na msuko, yakateremka ndani ya msuko hadi sehemu ya chini kabisa, ndipo yakatoka. Msuko unafanya kazi ya utambi. Mpira wa kawaida ukivuja unakuonyesha panapovuja. Ukichoka unavimba, unapasuka juu, unakuwa laini ukiuminya kwa vidole. Fundi anausoma kwa mkono. Paipu ya msuko huwezi kuiminya, huwezi kuona imevimba, na ikivuja inakudanganya mahali. Njia iliyotusaidia ni kufunga karatasi ya chooni kuzunguka kila soketi, kujaza mgandamizo kwa pampu ya kupimia rejeta, na kuona karatasi ipi inalowa kwanza.

Nirudi kwenye aina ya mpira. Maandishi ya paipu ile yalitaja petroli na oili. Mpira unaostahimili mafuta mara nyingi ni wa jamii ya naitraili, na maji ya moto pamoja na mvuke haviupendezi. Mipira ya rejeta na hita hutengenezwa kwa EPDM, aina nyingine ya mpira, ambayo nayo haipatani na oili. Msuko ukishafunika, yote mawili yanafanana. Kama muuzaji hawezi kusema ndani ni mpira gani, usimwamini kwa uzuri wa nje. Na kuhusu nguvu: paipu hizi zimejengwa kuhimili mamia ya psi. Mfumo huu unafungua kifuniko kwenye 9. Magari ya mashindano yanazitumia kwa sababu ya mawe, moto na msuguano. Land Rover inayokwenda Kondoa kusalimia ndugu haihitaji nguvu hiyo.

Matengenezo yenyewe hayakuwa na maajabu. Tulikwangua rangi chini ya mkanda hadi chuma king'ae, pande zote mbili, tukafunga kwa woshea yenye meno, tukapaka grisi juu baada ya kukaza, si kabla. Nikaongeza mkanda wa pili wa shaba, moja kwa moja kutoka injini hadi hasi ya betri. Nikapima kwa mzigo: 0.12. Waya wa choki tukabadilisha wa tatu.

Rejeta tuliisafisha hadi maji yakatoka meupe, kwa sababu yale ya kisima yalikuwa yameacha magamba. Tukajaza kulanti nusu kwa nusu na maji yasiyo na madini. Maji ya mvua yaliyokingwa safi yanafaa; katika miezi yetu ya mvua hakuna sababu ya kumwaga chumvi kwenye injini. Maji ya chumvi pia yanapitisha umeme vizuri zaidi, na kwenye mfumo wenye shaba, alumini, chuma na stenlesi vikigusana majini, hiyo ni kuharakisha kutu.

Kwenye paipu tulibishana. Ushauri wangu ulikuwa kurudisha mipira ya EPDM na klempu nzuri, mwisho wa hadithi. Msuko juu ya ukuta wa alumini wa bawa la gari ulikuwa tayari umekula rangi kama tupa, na hilo lingetokea hata ethi ikiwa nzima. Mwalimu hakutaka kupoteza mwonekano. Akauliza kama ethi ikishatengenezwa paipu mpya zitadumu. Kwa haki, zingedumu zaidi sana: umeme ukiwa na njia ya shaba nene, hauna haja ya stenlesi. Lakini siku mkanda utakapolegea tena, na kwenye gari la karibu miaka hamsini utalegea, paipu ndizo zitakazolipa kwanza, na hakuna taa ya dashibodi itakayokuambia.

Tukakubaliana hivi. Kwenye hita amefunga mipira yenye msuko mweusi wa nailoni kwa nje, ambao haupitishi umeme wala haukwaruzi, na kibati cha ukutani kimebaki. Fitingi za bluu zilizosalia nzima alizichukua nyumbani. Soksi za stenlesi juu ya mipira mikubwa ya rejeta alikataa katakata kuzitoa. Hizo hazipitishi umeme wowote wa maana kwa sababu hazigusi chuma pande zote mbili, ila zinaficha mpira na klempu. Kwa hiyo kila anapokuja kubadilisha oili, kofia za alumini zinafunguliwa, soksi inasukumwa nyuma, mipira inaminywa kwa mkono, klempu zinakazwa, ndipo inavalishwa tena. Kijana wangu anailalamikia kazi hiyo kila mara, na Mwalimu huwa anamwongezea hela ya soda.